Kamina, Mji wa Njia Panda

Msafiri wa pwani anayetaka kuifikia Kamina kwa njia ya bara na maji hana budi kuandama njia iliyoandamwa na misafara ya biashara katika karne ya kumi na tisa: apande hadi Tabora, ateremke Kigoma, jirani ya Ujiji, avuke Ziwa Tanganyika, kisha ashike magharibi kuelekea mto Lualaba na nyanda za Waluba. Mimi niliichagua njia hiyo kwa hiari, ingawa ni ndefu na ina mashaka yake, kwa sababu nilitaka kuiona Katanga ya kaskazini kwa mwendo wa taratibu, stesheni baada ya stesheni, na kufahamu kwa nini nchi moja, yenye watu waliooana na kuzikana, imegawanywa mara nyingi kiasi hicho katika muda usiozidi umri wa mtu na babu yake. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji ambao kila mgawanyiko wa Katanga umeacha athari yake ndani yake, na mwenye kutaka kujua namna nchi inavyogawanywa, na namna inavyoweza kuungwa, atapata humo mafunzo mengi kuliko katika vitabu vingi.

Kalemie, mji ulioitwa Albertville katika zama za Wabelgiji, umekaa pale mto Lukuga unapotoka ziwani ili kwenda kuungana na Lualaba. Reli yake ilifika ziwani mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka uliofuata majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Kigoma mikononi mwa Wadachi. Kwa muda mrefu reli hiyo iliishia Kabalo, kando ya Lualaba, nayo ilikuwa ya upana mmoja, hali reli ya Katanga ya kusini ilikuwa ya upana mwingine, hata behewa la huku halikuweza kupita kule. Na ilikuwa katika miaka ya 1950 tu ndipo njia ya Kalemie ilipopanuliwa, na mwaka 1956 ikaungwa na Kamina. Miaka minne baadaye Kongo ikapata uhuru, na watu waliounganishwa kwa chuma wakatenganishwa kwa siasa.

Safari za gari la moshi katika nchi hiyo ni chache, na abiria hungoja stesheni pamoja na jamaa zao, vyombo vyao na chakula chao, kwa subira ambayo mgeni huistaajabia kwanza na kuiheshimu baadaye. Mabehewa hubeba watu, magunia ya mihogo na mahindi, samaki wakavu, mafuta ya mawese, mbuzi na baiskeli. Na katika kila stesheni wanawake huja na karanga, ndizi na maji, wakazungumza na abiria Kiswahili ambacho sikio la pwani hulazimika kukizoea, lakini moyo wa pwani haupati taabu kukipokea. Mama mmoja aliyekuwa akisafiri na wajukuu wake alinikatia nusu ya kipande chake cha bukari, ndio ugali wa huko, akaniwekea na sombe, yaani mboga ya majani ya mihogo, akasema, “Kula, baba, njia ni mrefu.” Hakuniuliza kabila langu wala dini yangu kabla ya kunipa, na hata tulipoagana hakuwa ameniuliza.

Tulipita Niemba mchana. Ni stesheni ndogo, na mtu asiyejua mambo yaliyopita angeipita bila ya kuinua macho; lakini karibu na hapo, tarehe 8 Novemba 1960, askari 9 wa Ayalandi, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ili kuilinda amani, waliuawa na wapiganaji wa Kiluba. Waluba hao walikuwa wamechomewa vijiji na askari wa serikali ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo mwaka huo, waliokuwa wakiongozwa na maofisa wa kizungu, na walipowaona wazungu wengine wenye silaha waliwahesabu kuwa ni walewale. Huo ulikuwa msiba wa pande mbili: wa vijana waliotoka mbali wakafa katika ugomvi wasioujua, na wa wanakijiji walioteswa hata wakashindwa kumtambua aliyekuja kuwasaidia. Mbele zaidi, Kabalo, mwezi wa Aprili 1961, askari wa Ethiopia waliokuwa katika jeshi hilohilo la Umoja wa Mataifa waliwakamata askari wa kukodiwa wapatao 30 waliotumwa na serikali hiyo ya Katanga kuja kuitiisha kaskazini. Kwa hiyo reli niliyokuwa nikisafiri juu yake ndiyo iliyokuwa mstari wa vita, na stesheni zile ndizo zilizokuwa ngome.

Baada ya kuvuka Lualaba na kupanda nyanda za magharibi, msafiri huingia katika moyo wa nchi ya Waluba, na ni wajibu nisimame hapa kidogo, kwa kuwa mgawanyiko wa kwanza wa nchi hii ni wa kale kuliko siasa za 1960. Waluba husimulia kwamba zamani palikuwa na mfalme mwekundu, Nkongolo Mwamba, mkali na mlevi, asiyejua adabu za kifalme. Akaja kutoka mashariki mwindaji wa ukoo wa heshima, Mbidi Kiluwe, akawaoa dada za Nkongolo, na katika ndoa hizo akazaliwa Kalala Ilunga, aliyeponea chupuchupu katika shimo la mikuki alilotegewa na mjomba wake, akakimbilia kwa baba yake, kisha akarudi na jeshi na kuushika ufalme. Maana ya hadithi hii haifichiki: dola ya Waluba inajihesabu kuwa ni mtoto wa mgeni na mwenyeji, wala haikuona aibu kukiri hivyo. Mambo hayo yalihifadhiwa na chama cha Mbudye, ambacho wajuzi wake waliweza kuzisoma habari za wafalme, mahali patakatifu na sheria za enzi kwa kupitisha kidole juu ya lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga na kauri. Na chini ya hadithi uko ushahidi wa ardhi yenyewe, kwa kuwa katika bonde la Upemba, pwani ya Ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wachimbuzi wa mambo ya kale walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya karne nyingi, yenye vyungu vizuri, vyombo vya chuma, na misalaba midogo ya shaba iliyokuwa ikitumika kama fedha.

Watu wa pwani walikuwamo katika taarikhi hiyo, na ni insafu kulisema jambo hili lote, zuri lake na baya lake. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba mwaka 1874, makao ya mfalme Kasongo Kalombo, alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara wa misafara yetu, amekwisha kujenga nyumba na kupanda shamba, akamkaribisha kwa ukarimu. Lakini katika nchi ileile walikuwapo wafanyabiashara kutoka Bihé, upande wa Angola, na wengine wa kwetu, waliokusanya pembe na watu, na bunduki zao zikawa mikononi mwa wana wa mfalme waliogombea kiti. Kila aliyetaka enzi alipata rafiki mwenye baruti, na kila rafiki alidai malipo ya pembe au ya mateka. Ufalme uliokuwa umeanza kudhoofika kwa ugomvi wa ndugu ukapasuliwa na biashara ya wageni.

Wabelgiji walipokuja waliukuta ufa huo, wakaupanua. Kasongo Niembo, mmoja wa wagombea, aliwapinga kwa miaka mingi hata wakamkamata mwaka 1917 na kumhamisha mbali na nchi yake. Nao wakaithibitisha nchi kuwa vipande viwili, Kabongo upande mmoja na Kasongo Niembo upande wa pili, kila kipande na mfalme wake. Hata leo mtu wa Kamina huulizwa kama ni wa Kasongo Niembo au wa Kabongo, na wazee wenye hekima hujibu kwamba Ilunga ni mmoja. Nilipita Kabongo usiku, watu wakashuka na wengine wakapanda, wakiamkiana kwa Kiluba, na sikuweza kutambua ni nani wa kipande gani.

Kamina yenyewe ni mji wa uwanda, wenye miembe mikubwa, njia pana za mchanga, nyumba za matofali ya kuchoma na baiskeli zisizo na idadi. Uliumbwa na reli. Mwaka 1928 ilikamilishwa njia ndefu iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ikapita hapa na kwenda hadi bandari ya mto Kasai iliyoitwa Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Na ilipokuja kuungwa ile ya Kabalo, Kamina ikawa njia panda ya nchi, mmoja akienda kusini kwenye migodi ya shaba, mwingine magharibi kwenye Kasai, wa tatu mashariki kwenye Ziwa Tanganyika na Bahari ya Hindi. Wafanyakazi wakaja kutoka kila upande na lugha zao, na katika karakana na masoko yao Kiswahili kikakaa pamoja na Kiluba bila ya kugombana. Mwenyeji wangu, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, aliyenikaribisha nyumbani kwake kwa kuwa nilikuwa mgeni na si kwa kuwa nilimjua, alinionyesha stesheni jioni moja akaniambia, “Baba, hapa kila mtu alikuja na gari. Nani atamwambia mwenzake arudi kwao?”

Lakini wako waliosema hivyo, na ndiyo kadhia iliyonipeleka Kamina. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha Conakat, cha Moïse Tshombe na Godefroid Munongo, kilichodai kwamba Katanga ni ya wenyeji halisi na kwamba wageni, hususa watu wa Kasai waliokuja kufanya kazi migodini, wamepata zaidi ya haki yao. Hili ni jambo la kutafakari, maana Munongo alikuwa wa ukoo wa Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyetoka huku kwetu kwa biashara, akausimamisha ufalme wa Garenganze huko Bunkeya, na kuuawa huko mwezi wa Desemba 1891 na msafara wa Stairs ulioanzia safari yake pwani yetu. Uenyeji, ukifuatiliwa hata mwanzo wake, humfikisha kila mmoja wetu kwenye njia fulani aliyoijia. Waluba wa Katanga walikuwa na chama chao, Balubakat, chini ya Jason Sendwe, aliyekuwa tabibu msaidizi kabla ya kuingia katika siasa, nao walitaka Kongo iwe moja. Uchaguzi wa jimbo wa mwezi wa Mei 1960 ulikaribiana sana. Na tarehe 11 Julai, siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni dola ya peke yake.

Dola hiyo ilikuwa na bendera, stempu, fedha na jeshi, na ilikuwa na hazina, kwa kuwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ililipa kodi zake Elisabethville badala ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua. Juu ya bendera yake palichorwa misalaba mitatu ya shaba, mfano wa ile iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga. Yaani alama iliyolala kifuani pa wafu wa kale wa nchi ya Waluba ilipeperushwa na jeshi lililochoma vijiji vya Waluba walio hai. Kaskazini haikukubali. Vijana wa Balubakat waling’oa reli na kuvunja madaraja. Manono ukawa makao ya jimbo lao walilolitangaza kwa jina la Lualaba. Na maelfu kwa maelfu ya Waluba wa Elisabethville wakakimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa mwaka 1961. Wala Waluba wenyewe hawakuwa kitu kimoja, maana Kasongo Niembo wa wakati ule aliegemea upande wa Tshombe, na ufa wa 1917 ukafunguka tena ndani ya ufa wa 1960. Mwaka 1962 bunge la Léopoldville likaidhinisha jimbo la Katanga ya Kaskazini, na mgawanyiko uliofanywa na waasi ukajibiwa na mgawanyiko uliofanywa na sheria.

Nje ya mji iko kambi kubwa ya jeshi na uwanja wake wa ndege, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, na ambayo hawakutaka kuiacha. Kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, walijiwekea haki ya kubaki katika kambi za Kamina na Kitona, ingawa mkataba huo haukuthibitishwa kamwe. Umoja wa Mataifa ukaichukua kambi hiyo. Katika siku za mwisho za Desemba 1962 ndege za vita za Uswidi ziliruka kutoka hapa kwenda kuziangamiza ndege za Tshombe huko Kolwezi, na askari wa miguu wakauingia mji wa Kamina. Tarehe 14 Januari 1963 Tshombe akakubali kwamba kujitenga kumekwisha. Mwezi wa Novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walitua kambini humo kabla ya kurushwa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na mwaka 1978 wakatua tena kabla ya kwenda Kolwezi. Mwenyeji wangu alikuwa mtoto katika mwaka ule wa 1962, naye akumbuka mngurumo wa ndege na mama yake akiwalaza watoto kifudifudi chini ya kitanda. Nilipomwuliza nani alishinda, alifikiri kitambo, kisha akajibu kwamba walioshinda walipanda ndege wakaenda zao, na waliobaki walikuwa wao.

Jibu hilo lilinikumbusha kisiwa kilicho mbali na uwanda wa Kamina, nacho ni Kupro, ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro, kilicho katika bahari ya Mediterania. Kupro na Kongo zilipata uhuru mwaka mmoja, 1960, Kongo mwezi wa Juni na Kupro mwezi wa Agosti. Huko nako palikuwa na jamaa mbili, Wagiriki na Waturuki, waliokaa kwa karne nyingi katika vijiji vilivyochanganyika. Na huko nako, mwezi wa Desemba 1963, kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu kujitenga kwa Katanga kukomeshwe, damu ikamwagika, na ofisa wa Kiingereza akapiga mstari kwa kalamu ya kijani juu ya ramani ya mji mkuu wa Nicosia. Jeshi la Umoja wa Mataifa liliingia Kupro mwezi wa Machi 1964, na lile la Kongo likaondoka mwezi wa Juni; Waayalandi na Waswidi walihudumu kote kuwili. Mwaka 1974, baada ya maofisa walioungwa mkono na watawala wa kijeshi wa Ugiriki kumpindua rais wa kisiwa, Askofu Mkuu Makarios, Uturuki ilishusha majeshi, na kisiwa kikakatika kweli, watu wa huku wakihamia kule na wa kule wakihamia huku. Kaskazini ilijitangaza kuwa dola mwaka 1983, na Uturuki peke yake ndiyo iliyoitambua. Mwaka 2004 jamaa zote mbili zilipigia kura mpango wa muungano; Waturuki waliukubali, Wagiriki wakaukataa, na mstari umebaki.

Makarios huyo si mgeni kwetu. Mwaka 1956 Waingereza walimpitisha Afrika ya Mashariki wakimpeleka uhamishoni Shelisheli, na miaka kumi na tano hivi baadaye alirudi Kenya akiwa rais, akabatiza maelfu ya watu, na chuo cha makasisi wa Kiorthodoksi huko Riruta, Nairobi, kinaitwa kwa jina lake. Nami nikajiuliza kwa nini Katanga iliungana tena, hali Kupro haijaungana. Jeshi si jibu la kutosha, maana majeshi yalikuwapo kote. Naona sababu iko katika watu wenyewe: Kupro walihamishwa wakatengwa, kizazi kizima kikakua bila ya kumwona jirani, hata vivuko vilipofunguliwa mwaka 2003 vijana wa pande mbili wakakutana kama wageni; lakini Katanga watu hawakuacha kuchanganyika, reli ilipotengenezwa walipanda tena, masoko yalipofunguliwa waliuziana tena, na lugha waliyoitumia ilikuwa moja. Mgawanyiko hukomaa pale watu wanapokosa mahali pa kukutana.

Na mahali hapo, kwa watu wa Kamina, huwa ni kanisani pia, na katika nyimbo. Katika misheni ya hapa Padri Mfransisko Guido Haazen aliunda kwaya ya vijana na walimu, na mwaka 1958 wakaimba Misa Luba, ambayo ni maneno ya Kilatini ya misa yaliyotiwa katika mahadhi na ngoma za Kiluba; wakaisafirisha hadi Ulaya, na sauti zao zikanakiliwa katika sahani za santuri zilizoenea duniani, kabla mji walikotoka haujajulikana na wengi. Nilihudhuria ibada ya Jumapili. Waimbaji wa leo ni wajukuu wa wale, wakiimba kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kilatini katika ibada moja, na niliona kwamba katika saa ile hapana aliyekumbuka mipaka ya jimbo wala ya utemi.

Hata hivyo nisingekuwa mkweli nikieleza mapatano tu. Katika miaka ya 1992 na 1993 watawala wa jimbo, ambalo wakati huo liliitwa Shaba, waliamsha tena fitina dhidi ya watu wa Kasai, na safari hii miongoni mwa waliochochea walikuwamo Waluba wa Katanga, ambao wazazi wao walifukuzwa na hoja ileile. Mamia ya maelfu ya watu, wengi wao waliozaliwa Likasi na Kolwezi na wasioijua Kasai hata kwa kuiona, walirundikana katika stesheni wakingoja mabehewa, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi kabla ya kufika. Njia yao ya kwenda Kasai ilipita Kamina. Wazee wa mji hulisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, na mmoja wao, aliyepeleka maji stesheni katika siku zile, alishindwa kulimaliza. Aliyeonewa asipojihadhari huurithi upanga wa aliyemwonea.

Vita vya 1998 vikaleta mstari mwingine. Kalemie, Kabalo na Manono ziliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda; Kamina ikabaki upande wa serikali ya Kinshasa na wasaidizi wake wa Zimbabwe; reli ikakatika kwa miaka kadhaa; na katikati wakazuka wanamgambo wa Mai-Mai, waliosema kwamba wanailinda ardhi yao kisha wakawa adhabu ya wanavijiji wao wenyewe. Wakimbizi waliijaza Kamina. Mwaka 2004, mkataba wa amani wa wakubwa ulipokuwa umekwisha kutiwa sahihi lakini vijijini watu bado wakiuawa, askofu wa Kimethodisti Ntambo Nkulu Ntanda aliwaita Kamina watemi, maofisa wa serikali, askari na wakuu wa Mai-Mai, akiwamo yule aliyeogopwa kwa jina la Chinja-Chinja, wakae baraza moja, wale chakula kimoja na kusikilizana. Baraza hilo halikumaliza maovu yote, lakini lilifungua njia kwa wengi kuweka silaha chini. Na katika mwaka huohuo magari ya moshi yakaanza tena kupita kuelekea Kabalo na Kindu. Hapana jeshi la kigeni lililoufanya upatanisho huo. Ulifanywa na wenyeji, kwa lugha zao, na waliokosana walikuwa mle ndani.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mara nyingine, kwa sheria, kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kamina ikawa mji mkuu wa Haut-Lomami, na wako walioshangilia kwamba serikali imewakaribia. Lakini shaba na kobalti zilibaki Haut-Katanga na Lualaba, na Haut-Lomami ikabakiwa na mashamba, ng’ombe, samaki wa Upemba na reli iliyochakaa. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Aprili 2014, gari la mizigo lililokuwa limebeba abiria lilianguka Katongola, katika eneo la Kamina, na makumi ya watu wakapoteza maisha yao. Kwa kuwa maskini hana njia nyingine ya kusafiri, watu wanaendelea kupanda. Ukiutazama mpaka wa 2015 utaona kwamba unakaribia kufuata mstari uleule wa siku za Tshombe, utajiri upande wa kusini na watu wa kaskazini nje ya mlango wake, ingawa safari hii hapana risasi iliyopigwa wala bendera iliyoshushwa.

Dawa ya jambo hili imekwisha kuandikwa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaamuru kwamba majimbo yabakiwe na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao, na kwamba asilimia 10 ya mapato ya taifa iwekwe katika mfuko wa kusawazisha maendeleo, ili jimbo lisilo na madini lisiachwe nyuma na lile lenye madini. Maneno hayo ni mazuri. Utekelezaji wake umekuwa dhaifu, na kila mwaka upitao bila ya kutekelezwa huwapa wachochezi hoja mpya ya kuwaambia watu kwamba jirani yao ndiye adui yao.

Nasaha yangu kwa wenye kuitawala nchi ile, na kwa kila mwenye mamlaka juu ya nchi yenye jamaa zaidi ya moja, ni kwamba mipaka ya utawala si dhambi, lakini kuutenga utajiri na watu walioujenga ni kuandaa vita. Waluba wa kaskazini waliijenga reli na kuifanyia kazi migodi. Haki yao katika shaba haikukoma pale wino wa sheria ulipokauka. Mfuko wa kusawazisha na utiwe fedha, reli ya Kamina na itengenezwe hadi Kalemie na hadi Ilebo, na watemi wa Kabongo na Kasongo Niembo wawezeshwe kukaa baraza moja kabla ya ugomvi na si baada yake. Nasi wa pwani na wa Kigoma, ambao wazee wetu waliipita nchi hiyo kwa biashara ya pembe na ya watu, tuna deni la kurudi huko kwa biashara ya halali, kwa elimu na kwa vitabu vya lugha yetu sote. Hayo yakifanyika, Kamina itakuwa njia panda ya watu wanaokutana. Yasipofanyika, mstari mwingine utachorwa, na watakaoulipia ni walewale wanaobaki ndege zikishaondoka.